Jiko Tulilomfungia Kogo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikuta jiko limesimama bila nyumba. Lilikuwa katikati ya karakana, upande wa viwanda hapa Eldoret, na vumbi la mbao lilikuwa likielea juu yake kama ukungu wa asubuhi kwetu Timboroa. Makabati ya chini yalipangwa kwa umbo la herufi L. Ya juu yaliegemezwa kwenye fremu ya mbao. Nafasi ya sinki ilikuwa imekatwa tayari, hata pa kuweka friji paliachwa. Kilichokosekana ni kuta, maji na mwenye nyumba.

Foreman wa karakana, mtu mrefu aliyevaa koti la kaki na penseli nyuma ya sikio, aliniona nimeduwaa.

"Wewe ndiye Salome wa Timboroa?"

"Ndio, Mzee."

"Fungua hiyo droo."

Nilikotoka, droo ilikuwa kitu cha kupigana nacho. Meza ya baba ilikuwa na moja, na tulipotaka kuifungua ilibidi mmoja wetu ashikilie meza isitufuate. Kwa hiyo niliikamata ile droo kwa nguvu zote nikavuta. Ilikuja kwa wepesi, nikarudi nyuma hadi nikagonga mkebe wa gundi. Nilipoisukuma irudi, ilikimbia, halafu karibu na mwisho ikapunguza mwendo yenyewe na kuingia polepole bila sauti, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto mchanga.

"Ni nani ameivuta?" niliuliza, nikachungulia nyuma.

Karakana nzima ilicheka. Foreman hakucheka. "Hakuna mtu. Ni reli. Ndani yake kuna springi na mafuta kidogo," alisema. "Wewe shangaa tu. Fundi akiacha kushangaa, anaanza kuharibu."

Nilikuwa mwanamke mzima tayari, mjane mwenye watoto wa kusomesha, na kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi za shamba tu. Watu wengi waliuliza mama anatafuta nini kwenye vumbi la mbao. Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii leo, wasichana kwa wavulana, mjue tuliifanyaje na ilituonyesha nini.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kupiga msasa na kubandika kingo. Lazima mjue kwamba makabati mengi ya siku hizi si mbao za mti zilizopasuliwa. Ni MDF, yaani unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi na kukandamizwa ukawa ubao, au chipbodi, ambayo ni vipande vya mbao vilivyoshikanishwa vivyo hivyo. Juu yake hupakwa rangi au hubandikwa ngozi laini ya melamini. Uso wa ubao huo ni mgumu. Udhaifu wake uko pembeni, pale msumeno ulipopita. Hapo ndipo tulipobandika utepe mwembamba kwa gundi ya moto, kisha tukaukwangua hadi kidole kisijue ubao unaishia wapi na utepe unaanzia wapi.

Foreman alitaka tuelewe sababu. Alichukua vipande viwili vya MDF, kimoja chenye utepe pande zote na kingine kisicho na kitu, akavitumbukiza kwenye ndoo ya maji tukaenda nyumbani. Asubuhi kile chenye utepe kilikuwa vile vile. Kile cha pili kilikuwa kimefura kama andazi, na nilipokibonyeza kilimeguka mkononi.

"Maji haiingii kwa uso," Foreman alisema. "Inaingia kwa ukingo. Hata ukinijengea jiko ya rais, ukiniachia ukingo wazi, umenijengea uji."

Nilikaa nimeshika ule uji wa mbao. Usiku mmoja tu, na maji matulivu ya ndooni, yasiyochemka wala kusukumwa na kitu, yalikuwa yamefungua kazi ya mashine kubwa. Tangu siku hiyo siwezi kuona tone limekaa kando ya sinki la mtu nikanyamaza.

Baadaye nilihamishiwa kikosi cha ufungaji, chini ya Fundi Mkuu. Huyo alikuwa mtu mfupi, mpole, mwalimu wa shule ya Jumapili, na alikuwa akizungumza na kuta. Alifika kwenye nyumba ya mteja, akabisha ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasogea, akabisha tena. "Huyu ni mtupu hapa," alikuwa akisema. "Huyu hawezi beba sahani za mama." Kabati la juu likishajaa vyombo huwa na uzito wa ndama, na linaning'inia juu ya vichwa vya watu wanaokula. Kwa hiyo hatukulifunga mahali ambapo ukuta haujakubali.

Yeye ndiye aliyeniambia kwamba katika maisha yake yote hajawahi kukutana na ukuta ulionyooka. Sikuamini hadi alipowasha taa ya kupimia. Ni kifaa kidogo kinachotoa mstari mwekundu wa mwanga, nao hauangalii sura ya mtu. Unafuata usawa wa dunia tu. Mstari ulizunguka chumba chote. Nyumba ilikuwa mpya, imepakwa rangi vizuri, na mwenyewe alijivunia. Lakini ukilinganisha na mstari ule, sakafu ilipanda na kushuka kama barabara ya kwenda kwetu. Nilisimama katikati ya chumba nikaona kwamba tunaishi ndani ya vitu vilivyopinda, na vinasimama.

Miguu ya kabati huzungushwa hadi usawa upatikane, na pengo la chini hufunikwa na ubao ili mtu asijue. Milango nayo ina bawaba zenye skrubu tatu. Moja huusogeza mlango kushoto au kulia, nyingine huuingiza au kuutoa, ya tatu huupandisha au kuushusha. Milango mingine ilikuwa ya mbao halisi, na mbao halisi haiachi kutembea. Milango tuliyofunga upepo mkavu wa Januari ukivuma ilisuguana mvua ndefu zilipokuja, kisha ikarudi yenyewe. Fundi Mkuu aliniambia, "Mti ulikufa zamani, Salome, lakini mvua ikinyesha bado inasikia." Naye alisema hivyo akiwa amevua kofia.

Mkurugenzi wetu, ambaye wote tulimwita Hajji, alikuwa amekulia dukani. Watu wake walitoka kaskazini wakafungua hadaweya, duka la vifaa vya ujenzi, hapa mjini, naye akaongeza karakana. Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja aliniita ofisini. Wateja walikuwa wakilalamika kwamba milango inalegea, droo zinakwama na kaunta zinapata madoa.

"Mimi nauza, wale wanafunga," alisema. "Lakini baada ya hapo, nani anakaa na mama wa nyumba amwonyeshe? Gari unapewa dereva akufundishe. Jiko unaachiwa tu. Wewe utakuwa mtu wa kwenda."

Ndivyo nilivyopata kazi iliyonichukua hadi kustaafu. Nilienda kwenye nyumba tulizofunga, na kisanduku changu chenye bisibisi, silikoni na kitambaa laini, nikawaonyesha watu jinsi ya kuishi na makabati yao. Futa kwa kitambaa kilichokamuliwa, kisha kikavu. Usisugue kwa waya wa chuma. Usianike taulo mbichi juu ya mlango, kwa sababu unyevu huteremka hadi ukingoni. Sufuria ya moto iwekwe juu ya kibao, hata kama kaunta ni ya mawe. Ukichemsha githeri muda mrefu, fungua dirisha, mvuke usipande chini ya makabati ya juu. Vyombo vizito viwe chini. Mtoto asipande droo kama ngazi. Mlango ukianza kuinama, kaza skrubu leo. Usingoje bawaba ing'oke na ubao wake.

Nilidhani mimi ndiye mwalimu. Kisha akaja Mama Kibet.

Alikuwa na duka la mbegu na dawa za mifugo mjini, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa West Indies, hapa hapa Eldoret. Alikuja ofisini kwa Hajji, nami nikiwepo, akiwa na haraka, akakataa kiti.

"Nataka makabati mapya, na kila mlango uwe na kufuli," alisema. "Hata droo. Hata pale pa gesi. Na funguo nikae nazo mimi."

Hajji alimtazama. "Kuna mtu anaiba, Mama?"

Hapo ndipo alipokaa. Alitueleza kwamba anaishi na mama yake, ambaye macho yalikuwa yamezimika kwa ugonjwa wa presha ya macho. Alimtoa shambani ili amtunze. Lakini mama huyo hakukubali kukaa. Kila akibaki peke yake aliingia jikoni kupika, na siku chache kabla ya hapo mkono wa sweta yake ulishika moto. Jirani alimzima kwa beseni la maji.

"Nikiwa dukani siuzi kitu," Mama Kibet alisema. "Nikiona moshi mahali popote, nafikiri ni kwetu. Simu ikilia, namwacha mteja kaunta. Sijui kama mnanielewa. Simkatazi kwa ubaya."

Tulimwelewa. Nilitumwa kwenda kupima.

Nilimkuta yule mama sebuleni, amekaa wima kwenye kiti, mkono mmoja umefungwa bandeji. Alikuwa mwembamba, na kitambaa chake cha kichwa kilifungwa vizuri kabisa. Nilimsalimia, nikamwita Kogo, kama tunavyowaita nyanya zetu huku.

"Wewe unanuka mbao," alisema. "Umekuja kunifungia?"

"Nimekuja kupima kabati, Kogo."

"Si ndiyo hiyo."

Niliingia jikoni. Nilianza kupima. Aliniacha nifanye kazi, kisha akasema kutoka sebuleni, si kwa hasira: "Hata mgeni, siku ya tatu anapewa jembe. Mimi nimenyang'anywa. Naletewa chai nikiwa kwa kiti. Lakini mgeni huwa na kwao, akichoka anaenda. Mimi nikichoka nitaenda wapi?"

Niliweka utepe wa kupimia chini. Nilimwomba anionyeshe ilivyotokea. Akainuka, akaja akigusa ukuta, akasimama mbele ya jiko la gesi la zamani, akanyoosha mkono wenye bandeji juu ya meko hadi kwenye rafu iliyokuwa nyuma yake ukutani.

"Chumvi iko hapa," alisema. "Binti yangu ndiye aliiweka. Nilikuwa natafuta chumvi."

Nilitazama ule mkono uliopita juu ya mahali pa moto. Mimi mwenye macho, ningevaa sweta ile nikanyoosha mkono ule, ningeungua vile vile.

Nilirudi nikamweleza Hajji na Fundi Mkuu. Hajji alikunja uso. "Mteja ameomba kufuli. Sisi tunafunga kile mteja ameomba." Akageuza kalamu mezani. "Mama yangu alifariki akiwa bado anapika mikate yake ya anjera mwenyewe. Hakuna mtu angemwondoa pale. Mwiteni huyo binti."

Mama Kibet alikuja. Fundi Mkuu alizungumza naye kwa upole, akimchorea kwenye kipande cha ubao. Angeweza kufunga kufuli zote alizotaka. Ila aliomba makabati yenyewe yajengwe kwa kufuata mkono wa mama yake, na kufuli zikae wazi kwa muda, aone.

Mama Kibet alifuata mistari ya mchoro kwa kidole. "Sawa," alisema. "Lakini nikiona alama moja mpya ya moto kwa mkono wake, nafunga. Na mtu asiniambie kitu."

Sijawahi kuona Fundi Mkuu akifanya kazi kama alivyofanya ile. Juu ya jiko hakuweka kitu chochote, ukuta mtupu. Chumvi, majani na sukari aliviwekea droo upande wa kulia, mbali na moto. Makabati ya chini aliyageuza karibu yote yakawa droo za kina, kwa sababu rafu humlazimu mtu kuinama na kupapasa gizani, lakini droo humletea vitu. Milango ya juu aliifanya ya kuteleza kando, kwani mlango wa kufunguka nje ukisahauliwa wazi ni wa kumpasua uso asiyeuona. Kando yote ya kaunta aliacha ukingo ulioinuka kidogo, wa kuzuia maji na wa kuongoza kiganja. Vishikio vilitofautiana: vya vikombe ni vya mbao, vya sufuria ni vya chuma, na vya visu ni vya ngozi. Kogo aliomba jambo moja tu, mahali penye upepo pa vibuyu vyake vya mursik, maziwa yetu ya mgando, kwa sababu kibuyu kikifungiwa kinaharibika. Tukamtengenezea kabati lenye vipande vya mbao vilivyoachana, hewa ipite.

Mtungi wa gesi ulitusumbua. Fundi Mkuu alitaka uwe nje kabisa, lakini nyuma ya nyumba hapakuwa na mahali pa kuulinda. Mwishowe aliupa kabati lake peke yake, lililozibwa vizuri upande wa makabati mengine, akatoboa ukuta wa nje chini kabisa, usawa wa sakafu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja huteremka na kulala chini kama maji, kwa hiyo tundu la juu haliisaidii kutoka. Hili nawaomba mlishike hata mkisahau mengine yote.

Tulipomaliza, nilipewa kazi ya kukaa na Kogo asubuhi nimfundishe. Siku ya kwanza hakupika. Aligusa. Alianza kwenye kona ya mlango, akapitisha kiganja kwenye ukingo wote, akafungua kila droo, akatoa kila kitu, akakirudisha. Ile droo ya kujifunga yenyewe ilipopunguza mwendo chini ya kidole chake, alishtuka, kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Hii ina adabu," alisema.

Alikuwa akitaja vitu kwa Kinandi, kwa sauti ya chini, huku akipita. Siku zilizofuata niliona mkono wake ukipunguza kupapasa. Kwanza ulitafuta, kisha ulienda, halafu ukawa unafika. Asubuhi moja niliingia nikamkuta anasonga ugali. Alikuwa amejua maji yanachemka kwa sauti; alinionyesha jinsi yanavyoanza kwa kunong'ona, yakapiga kelele, kisha yakatulia kabla ya kutokota. Alijua ugali umeiva kwa harufu na kwa jinsi mwiko ulivyokataa. Aligeuza ugali kwenye sahani ukakaa katikati. Nami mwenye kisanduku cha bisibisi nilikuwa nimeegemea friji nikishangaa.

Na vile alivyotunza! Watu wenye macho hufuta wanachokiona. Kogo alipitisha mgongo wa mkono kwenye ukingo wa sinki, chini ya bomba, kwenye kiungo cha kaunta na ukuta, na palipokuwa na ubaridi wa unyevu alipafuta. Nilipoenda kukagua baadaye sikupata kiungo hata kimoja kilichofura. Siku nyingine aliniambia, "Kuna mmoja anakohoa, yule wa vijiko." Nilifungua droo ya vijiko, haikuwa na kasoro niliyoiona. Nikaitoa yote nje. Skrubu moja ya reli ilikuwa imelegea kiasi cha unywele.

Hata hivyo kufuli zilibaki mahali pake, na funguo zilining'inia kwenye mkufu wa Mama Kibet. Kila jioni alimshika mama yake mikono na kuitazama, huku na huku. Kogo alimwachia. Niliona jambo hilo na sikujua nimhurumie nani zaidi.

Kisha ikaja alasiri ya mvua ndefu. Nilikuwa nimepitia kukaza milango, maana ni msimu wake. Mama Kibet alikuwa amerudi mapema kutoka dukani na mafua makali, pua imeziba, macho mekundu. Tulikutana langoni. Kogo alikuwa veranda ya nyuma akipukuchua maharagwe kwenye ungo. Mvua ilikuwa imepumzika. Mtungi mpya wa gesi ulikuwa umeletwa na kufungwa mchana huo, na tangu ufungwe hakuna aliyekuwa amewasha jiko.

Mama Kibet alisema anataka maji ya moto ajifukize. Aliingia jikoni mbele yangu. Mimi nilikuwa nimeinama mlangoni navua viatu vyenye matope. Nilisikia kiberiti kikitikiswa.

"Usiwashe!"

Sauti ilitoka nyuma ya nyumba. Sikujua kwamba mwili mdogo kama ule una sauti ile. Ungo ulianguka, maharagwe yakamwagika sakafuni, na Kogo akaingia kwa mlango wa nyuma.

Kile nilichokiona nitakisimulia kama kilivyokuwa. Hakupapasa. Kiganja cha kushoto kiligusa ukingo wa kaunta mara moja tu, naye akatembea kando yake kama mtu anayetembea mchana. Alipita mbele ya binti yake, akamsukuma kifuani kwa mkono wa kulia, akapiga magoti mbele ya kabati la gesi, akalifungua, akaingiza mkono ndani na kuzungusha. Nilisikia kwa masikio yangu ule mluzi mdogo ukikatika. Ulipokatika ndipo nilipojua ulikuwepo.

"Salome, fungua mlango wa mbele, fungua dirisha," alisema. "Taa usiguse. Mtu asiguse swichi."

Nilifungua. Harufu ilinifikia wakati huo, nzito, ikitoka chini. Upepo wa mvua ulipita ndani ya nyumba. Tulitoka wote watatu tukasimama uani kwenye matope, bila viatu.

Raba ya kwenye kichwa cha mtungi haikukaa vizuri. Gesi ilikuwa ikivuja na kuteremka, nyingi yake ikitoka nje kupitia lile tundu la chini, hadi veranda pale Kogo alipokaa na maharagwe yake. Lakini nyingine ilikuwa imejikusanya ndani ya kabati na kuanza kumwagika sakafuni. Mama Kibet na mafua yake hangesikia harufu hata ingekuwa imemfika shingoni.

Bado alikuwa ameshika kiberiti, na njiti moja mkononi. Mama yake alinyoosha mkono, akampata begani, akashuka hadi kwenye vidole, akaichukua ile njiti polepole.

"Nilisikia harufu," Kogo alisema. "Halafu nikasikia wewe."

Mama Kibet alilia. Hakulia kama mtu mzima anavyolia mbele ya fundi. Aliweka paji la uso kwenye bega la mama yake, na yule mama mwembamba alisimama imara akambeba. Kisha Kogo alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Maharagwe yangu yamemwagika. Mtaniokotea, mimi siyaoni." Tukacheka huku machozi yanatutoka, tukapiga magoti, tukaokota.

Siku iliyofuata Mama Kibet alinipigia simu. Aliniomba nije na bisibisi. Nilipofika alikuwa ameshaweka funguo mezani. Nilitoa kufuli moja baada ya nyingine na kuziba matundu kwa nta ya rangi ya mbao. Kogo alikuwa amekaa karibu, na kila nilipomaliza tundu moja aliligusa, kuhakikisha limejaa. Chai aliyotuchemshia siku hiyo ilikuwa na maziwa mengi. Na mtungi, Fundi Mkuu alikuja na kijana wa kuchomelea vyuma, wakaujengea kibanda cha wavu nje, akasema hatalala tena akijua mtungi uko ndani ya nyumba ya mtu.

Nilimtembelea Kogo kila msimu hadi alipofariki, akiwa kitandani mwake, baada ya kula chakula alichopika mwenyewe. Mama Kibet bado yuko na jiko lile. Limezeeka vizuri.

Mimi nimestaafu sasa, niko Yamumbi. Wenzangu wa karakana walinifungia makabati kama zawadi ya kuniaga, na nayatunza kama nilivyowafundisha wengine. Vijana wa siku hizi hunitembelea na simu zao kunionyesha kazi wanazofunga, droo zinazofunguka ukizigusa kwa goti, taa zinazowaka zenyewe ndani ya kabati. Nafurahi. Nawauliza swali moja tu: nani atapika hapo, na mkono wake unafika wapi? Wengine wana jibu. Wengine huenda kuuliza.

Juzi, nikiwa peke yangu, nilijaribu. Jikoni kwangu mwenyewe, mbele ya makabati ninayoyajua skrubu kwa skrubu, nilifumba macho nikataka kuchemsha chai. Sufuria niliipata. Maji niliyamwaga nusu. Nilipofika kwenye majani, mkono ulifungua droo ya vijiko, kisha droo ya vitambaa, kisha ukabaki hewani, haujui pa kwenda.

Nilifumbua macho. Majani yalikuwa mbele yangu, karibu na kidole changu.